Jalada Lisilojua Kuwa Ni la Mwisho

Mwaka 1972 Lance Spearman, shujaa wa hadithi za picha, aliacha kufika Voi. Hakuna aliyetangaza. African Film, jarida lake lililotolewa na kampuni ya Drum na kusomwa kuanzia Lagos na Accra hadi Nairobi na Dar es Salaam, lilikatika tu, na msomaji aliyezoea kuliulizia kwa muuza magazeti akabaki kuuliza hadi akachoka.

Vijana wa leo wanaomsikia Spear kwa wazee wao huenda wasielewe kelele zote zile zilitoka wapi. Hakuwa amechorwa, alikuwa mtu wa kweli aliyepigwa picha, Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini, na maneno yakawekwa ndani ya mapovu juu ya picha. Alivaa kofia na tai ya kipepeo, akavuta biri, akaendesha gari la mbio, na kupambana na majahili kama Rabon Zollo. Ndani, kurasa zilikuwa nyeusi na nyeupe. Rangi zote ziliwekwa kwenye jalada. Zama hizo, Mwafrika wa kwenye filamu za kigeni alikuwa mbeba mizigo wa Tarzan, au mtu wa kuangushwa kwa risasi kabla hatujamjua jina. Kumwona mweusi mwenzako akiwa ndiye mwenye bastola, ndiye mwenye akili, na ndiye anayebaki hai kwenye ukurasa wa mwisho, kulikuwa jambo kubwa kuliko hadithi yenyewe.

Majarida ya vibonzo na ya hadithi za picha yaliyoishi miaka michache yamejaa katika historia yetu, na majalada yao ya mwisho ndiyo ninayoyapenda kuliko ya kwanza. Jalada la kwanza linajua linachofanya. Linajitambulisha, linapiga kelele, linaomba shilingi yako. La mwisho, kwa sehemu kubwa, halijui kuwa ni la mwisho. Shujaa bado ameinua ngumi, adui bado yuko nyuma ya mlango, na ndani kumeandikwa kuwa hadithi itaendelea. Mchoraji naye hakujua, au alijua siku jalada lilipokuwa tayari limekwenda kwa mpiga chapa. Ndiyo maana ni vigumu kuyatambua.

Kuyatambua kuna shida nyingine, nayo inaonekana vizuri zaidi huku kwenye milima ya Taita. Jarida lililopanda kutoka Voi kupitia Mwatate na Wundanyi hadi Mwanda halikuwa la mtu mmoja. Lilizunguka nyumba hadi nyumba, pini zikashika kutu, na jalada likawa la kwanza kuchomoka kwa kuwa ndilo lililoshikwa na kila mkono. Kurasa za ndani zikaishia kufungia njugu. Jalada, kwa uzito wa karatasi yake, likabandikwa ukutani dukani au chumbani kwa kijana, kwa uji mzito wa unga. Jua na ukungu vikalifanyia kazi: nyekundu na njano hufifia kwanza, buluu na nyeusi hubaki, kwa hiyo mashujaa wa ukutani huishia na nyuso za samawati. Basi tuna majalada yasiyo na hadithi, na hadithi zisizo na majalada, na mara nyingi pembe iliyokuwa na namba ya toleo ndiyo iliyoliwa na mende wakifuata unga. Anayetaka kujua toleo lipi lilifunga mlango hana budi kuanzia na pembe hiyo.

Jarida ninalolihuzunikia zaidi ni Joe. Lilianzishwa Nairobi mwaka 1973 na watu wawili ambao usingewatarajia meza moja. Hilary Ng'weno alisomea fizikia Harvard, kisha akawa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation. Terry Hirst, Mwingereza aliyefika Kenya mwaka 1965, alikuwa mwalimu wa sanaa. Joe mwenyewe alizaliwa katika safu ya Ng'weno gazetini: mwananchi wa kawaida wa mjini, mwenye mshahara usiotosha na maoni ya kutosha. Hirst akampa uso. Jalada baada ya jalada Joe alikuwa katikati ya vurugu za jiji, miongoni mwa watu wenye haraka, wakubwa wenye vitambi, na wageni waliotoka mashambani kutafuta kazi, naye akiwatazama wote kwa uso wa mtu anayejua kuwa kesho kodi ya nyumba inadaiwa.

Ng'weno hakukaa sana. Mwaka 1975 alianzisha The Weekly Review. Hirst aliendelea na Joe pamoja na mkewe Nereas. Ndani mlikuwa na hadithi fupi za waandishi wa Kenya, na vibonzo vya Edward Gitau, yule yule aliyetupa Juha Kalulu. Lugha ilikuwa Kiingereza, lakini Kiingereza cha Nairobi, chenye Kiswahili kilichoingia bila kubisha hodi, na picha zake zilisomeka hata na asiyefika mbali shuleni. Mwaka 1979 Joe akanyamaza.

Sidhani kama watu walimchoka. Jarida la aina hii hutegemea mikono mitatu: msomaji, mwenye tangazo na mwenye karatasi. Msomaji alikuwapo, ila nakala moja ilisomwa na watu wengi, na aliyelipia ni mmoja tu. Karatasi nayo ilipanda bei tangu mafuta yalipopanda mwaka ule ule wa 1973. Linganisha na Juha Kalulu: yeye aliishi miongo mingi kwa sababu alikuwa mpangaji ndani ya Taifa Leo. Gazeti lililipa kodi, yeye akachekesha. Joe alikuwa na nyumba yake mwenyewe, na kila mwezi alipaswa kuilipia.

Wamarekani wameyatunza majalada yao kwa bidii kuliko sisi, na katika hazina yao mna jalada la mwisho ambalo dunia nzima inalijua bila kujua kuwa ni la mwisho. Agosti 1962 mfululizo mmoja wa kampuni ya Marvel, uliokwisha kubadilishiwa jina mara mbili katika matoleo 15 tu, ulikuwa unafungwa. Kwa kuwa hapakuwa na cha kupoteza, wakaweka humo shujaa ambaye mchapishaji hakumwamini. Steve Ditko alichora jalada, likakataliwa. Jack Kirby akachora lingine, Ditko akalitilia wino. Kijana mwenye vazi la buibui ananing'inia juu ya jiji akiwa amembeba mtu mzima kwapani, na juu ya mapaa kwa nyuma watu wadogo wadogo wanashangaa. Amazing Fantasy likafa na toleo hilo. Spider-Man akapewa jarida lake mwaka uliofuata, na Septemba 2021 nakala moja ya toleo lile iliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.6.

Kuna mengine ambayo hayakubahatika hivyo, na hayo yako karibu zaidi na moyo wangu. Mwaka 1947 mwandishi wa habari mweusi wa Philadelphia, Orrin Evans, alitoa All-Negro Comics, jarida lililoandikwa na kuchorwa na Wamarekani weusi, ndani yake mkiwa na mpelelezi Ace Harlem, na Lion Man, mwanasayansi mwenye kazi yake Afrika Magharibi. Toleo la pili liliandaliwa, lakini wauza karatasi wakakataa kumuuzia. Jalada la kwanza likawa la mwisho. Mwaka 1965 kampuni ya Dell ilitoa Lobo, mchunga ng'ombe mweusi. Akaishi matoleo mawili, kwa sababu wauzaji walirudisha vifurushi bila hata kuvifungua. Na mwaka 1976 Jungle Action, jarida lililokuwa na Black Panther, lilikatwa toleo la 24, katikati ya hadithi ambayo mfalme huyo wa Kiafrika alikuwa anapambana na Ku Klux Klan. Hadithi ilimaliziwa kwingine miaka mitatu baadaye. Nikiyaweka haya matatu pamoja naona kwamba jarida mara nyingi huuawa na mtu asiyelisoma.

Kwetu mtu huyo alikuwa na sura nyingine. Sheria ya Vitabu na Magazeti, Sura ya 111, ilimtaka mchapishaji wa Kenya aweke dhamana kabla ya kutoa toleo. Mwaka 2002 dhamana hiyo ilipandishwa kutoka shilingi 10,000 hadi milioni 1. Mchoraji wa mjini mwenye kalamu na wino angezitoa wapi? Kinshasa, jarida la Jeunes pour Jeunes, maarufu tangu mwisho wa miaka ya 1960, lilibadilishwa jina likaitwa Kake wakati Mobutu alipotaka kila kitu kiwe cha Kizaire. Likaishi kidogo kwa jina jipya, kisha likazimika. Tanzania ndiko nyota ya vibonzo iling'aa zaidi, kwa jarida la Sani na wahusika wake kama Ndumilakuwili, Lodilofa na Madenge, lakini nyuma ya Sani kuna majarida mengi yaliyotoka mara chache na kupotea.

Baada ya Joe, Hirst hakurudia mfululizo wa kusubiriwa toleo hadi toleo. Miaka ya 1980 alitoa Pichadithi, vitabu vya vibonzo vyenye ngano za jamii za Kenya pamoja na visa vya Abunuwasi, kila kimoja na hadithi yake iliyokamilika. Mwaka 1996 Gado, Godfrey Mwampembwa, aliyetoka Tanzania akafanya kazi Nairobi, alimchora Abunuwasi upya kwa kampuni ya Sasa Sema, kwa Kiswahili, nacho kikiwa kitabu kimoja kinachojitosheleza. Naamini vifo vya majarida ndivyo vilivyowafundisha wachoraji njia hiyo: usimwahidi msomaji toleo ambalo huna hakika nalo. Anayekinunua kitabu kama hicho pale Voi asubuhi hukimaliza kabla gari halijafika Wundanyi.