Gharama ya fundi umeme: Hesabu pointi kabla ya kupatana bei

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

WENYE nyumba wengi jijini Dar es Salaam wanapomtafuta fundi umeme huuliza swali moja tu: "Unachukua kiasi gani?" Jibu wanalopewa papo hapo aghalabu ni bei ya ufundi peke yake, na ndilo huwafanya waishiwe fedha kazi ikiwa nusu.

Gharama ya kuweka umeme ndani ya nyumba ina sehemu tatu: vifaa, ufundi na fomu ya mkandarasi inayoambatanishwa na maombi ya umeme. Ada ya TANESCO ni jambo jingine kabisa. Kwa viwango vilivyotangazwa Januari 2022, mteja wa mjini wa njia moja aliye ndani ya mita 30 bila kuhitaji nguzo alitakiwa kulipa Sh320,960, na fedha hiyo haikuhusu hata waya mmoja wa ndani. Shirika huishia kwenye mita. Kutoka hapo ni jukumu la mwenye nyumba.

Katika nyumba mpya, ufundi hukadiriwa kwa pointi, na hapa ndipo mapatano mengi huharibika. Wapo mafundi wanaohesabu taa na swichi yake kuwa pointi moja, na wapo wanaozihesabu mbili.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Nyumba ina taa 14, swichi 14 na soketi 12. Fundi wa kwanza anataka Sh10,000 kwa pointi na huhesabu taa na swichi pamoja: pointi 26, sawa na Sh260,000. Wa pili anataka Sh8,000, lakini kwake kila kimoja ni pointi: 40, sawa na Sh320,000. Aliyeonekana wa bei nafuu ndiye ghali.

Kwa nyumba ya zamani pointi hazitoshi kueleza kazi. Ukuta hutinduliwa ili mabomba ya nyaya yapite, kisha hutakiwa lipu na rangi. Fundi umeme kwa kawaida hapigi lipu, hivyo mwenye nyumba hujikuta akimtafuta fundi mwingine ambaye hakuwa kwenye bajeti. Kwa matengenezo madogo, kama soketi iliyoungua, wengi hudai fedha ya kufika na kuangalia tatizo. Iulizwe mapema iwapo itakatwa kwenye malipo ya kazi.

Kuhusu vifaa, fundi atoe orodha yenye ukubwa wa kila waya, nayo ipelekwe kwenye maduka mawili au matatu ya Kariakoo kabla ya kununua. Kwa kawaida taa hutumia waya wa milimita 1.5 za mraba, soketi 2.5, na jiko la umeme 6. Waya mwembamba kuliko mzigo wake hupata joto ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna anayeuona.

Kitu kingine kinachorukwa ili bei ishuke ni waya wa ethi na fito yake inayozamishwa ardhini. Taa zitawaka vizuri tu bila hiyo. Upungufu hujulikana siku friji inapovuja umeme na mtu akaigusa. Swichi ya usalama inayokata umeme unapovuja kwa kiwango cha miliampia 30 nayo si anasa, hasa kwa bafu lenye hita ya maji.

Sehemu ya tatu, yaani fomu, ndiyo yenye utata zaidi. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataka kazi ya kufunga umeme ifanywe na mwenye leseni, na leseni hutolewa na EWURA kwa madaraja. Cheti cha VETA ni ushahidi wa mafunzo, si leseni.

Hata hivyo, mitaani kazi hufanywa na fundi asiye na leseni, wakati mwingine hodari kweli, halafu hutafutwa mkandarasi wa kugonga mhuri. Mwenye nyumba hulipa mara mbili, na aliyesaini huenda hajafungua hata soketi moja. Moto ukitokea, fundi atasema kazi ilithibitishwa na mkandarasi, na mkandarasi hatakuwa na la kueleza. Vishoka hustawi hapo hapo.

Bei ya mkandarasi mwenye leseni huweza kuonekana kubwa pia kwa sababu aliyesajiliwa kwa VAT huongeza kodi hiyo. Kabla ya kulinganisha, iulizwe kama kodi imo, na kama kupima nyaya kwa mega kumo. Kipimo hicho hufanywa kwa volti 500, na matokeo hayatakiwi kuwa chini ya megaomu moja.

Malipo ni vyema yagawanywe: sehemu mabomba yakishalazwa kabla ya lipu, sehemu nyaya zikishavutwa, na salio baada ya kipimo kufanyika mbele ya mwenye nyumba. Mchoro unaoonyesha mabomba yalikopita abaki nao yeye. Bila huo, atakayekuja kutundika kabati la jikoni miaka mitano baadaye atatoboa ukuta kwa kubahatisha.