Kijalizo cha Maungio

"Mpe mbwa wako mzee virutubisho vya viungo." Ushauri huu ukifika Bwegera, kando ya barabara ya Taifa namba 5 itokayo Uvira kwenda Bukavu, utaeleweka vipi? Mama aliye jikoni atafikiri tangawizi na kitunguu saumu. Shabiki anayefuata mpira redioni kwa Kiswahili cha Tanzania atafikiri mchezaji wa katikati. Goti la mbwa litakuja mwisho. Kosa hilo si dogo: vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Neno lenye maana nyingi linaweza kumdhuru yule tuliyetaka apate nafuu.

Kinachosemwa hapa ni kidonge, unga au mafuta anayopewa mbwa pamoja na chakula, kwa ajili ya gegedu, ule mfupa laini unaofunika ncha za mifupa inapokutana. Gegedu likilika, mbwa aliyekuwa wa kwanza kufika langoni usiku huinuka kwa shida, miguu ya nyuma imekakamaa. Vidonge vingi vina glukosamini, itokayo kwenye magamba ya kaa na kamba wa baharini, na kondroitini, itokayo kwenye gegedu la wanyama.

"Kirutubisho" kinaahidi mno. Mkulima wa bonde la Ruzizi anajua kwamba udongo ukirutubishwa huzaa. Lakini uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2022 haukuona glukosamini na kondroitini zikipunguza maumivu ya mbwa; vyakula vyenye omega-3, ile ya mafuta ya samaki, ndivyo vilivyoonyesha nafuu. Napendekeza "kijalizo", kutokana na kujaliza: kuongeza palipopungua. Kijalizo hakishiki nafasi ya chakula wala ya tiba. Na pale mifupa inapoungana tupaite "maungio". Hivyo tunapata kijalizo cha maungio.

Mbwa akikitema, usimkamate taya kwa nguvu, kesho atakukimbia. Ponda ndagala, upake matonge matatu madogo ya bugali. La kwanza liwe tupu. La pili lifiche kidonge. La tatu alione mkononi mwako akiwa bado na la pili mdomoni: atalimeza upesi ili alifuate.

Mbwa mnene apunguzwe uzito kwanza, maana kila kilo ya ziada inabebwa na maungio hayohayo. Vidonge vya maumivu vya binadamu, kama ibuprofeni na parasetamoli, visimguse bila daktari wa mifugo, vinaweza kumuua.

Wewe unayeandika maelekezo kwa wafugaji, andika "maungio". Viungo tuviachie chungu.