Kupe, Papasi na Daftari la Mama

Mwaka ule mpwa wangu alipougua homa ya kwenda na kurudi, dada yangu alinunua daftari la shule akaanza kuandika. Aliandika tarehe, saa, joto la mwili, mtoto alichokula na alichotapika. Homa ilimshika mtoto siku tatu, ikamwacha takribani juma zima, ikarudi. Kituo cha afya kilimpima malaria kwa kipimo cha haraka, hakikuona kitu. Akapewa dawa ya malaria hata hivyo. Safari ya tatu dada aliliweka daftari mezani. Tabibu hakulifungua. "Mama, mtoto huyu hana kitu," alimwambia, "ni wasiwasi wako tu."

Nimelikumbuka daftari lile kila nilipokutana na habari za Polly Murray, msanii na mama wa watoto wanne aliyeishi Lyme, mji mdogo wa jimbo la Connecticut, Marekani. Yeye naye aliandika. Kwa miaka mingi aliorodhesha vipele, homa, uchovu na maumivu ya viungo yaliyoizunguka nyumba yake, naye akazunguka kwa madaktari, baadhi yao wakimdokezea kwamba ugonjwa wake ulikuwa wa kichwani. Watoto walipoanza kuvimba magoti, waliambiwa wana baridi yabisi ya utotoni. Jibu hilo lilikuwa na kasoro moja, na aliyeiona ni mama, wala si daktari: baridi yabisi ya utotoni ni adimu na haiambukizi, sasa imekuwaje iwapate watoto wa barabara moja?

Mwaka 1975 Bi Murray aliipigia simu idara ya afya ya jimbo. Mama mwingine wa jirani, ambaye binti yake alikuwa na shida ileile, naye alipiga. Daktari kijana wa idara hiyo, David Snydman, aliwasikiliza, akamshirikisha Allen Steere wa Chuo Kikuu cha Yale. Ripoti iliyotoka mwaka 1977 ilihesabu wagonjwa 51 katika miji mitatu inayopakana, 39 kati yao watoto. Katika barabara chache za mashambani, mtoto mmoja kati ya kumi alikuwa ameugua. Robo ya wagonjwa walikumbuka kutokwa na doa jekundu lililotanuka ngozini kabla ya viungo kuvimba. Doa la namna hiyo lilikwisha kuelezwa na daktari Arvid Afzelius huko Uswidi mwaka 1909, akilihusisha na kupe. Maarifa yalikuwepo basi, ila yalikaa katika majarida ya wataalamu wa ngozi wa Ulaya, na wataalamu wa viungo wa Marekani hawakuwa na sababu ya kuyafungua.

Hata hivyo kisababishi chenyewe hakikujulikana hadi mwaka 1981, na hapa historia inapita kwetu kwa njia ambayo wengi hawaijui. Lugha yetu inatofautisha kupe na papasi. Kupe hung'ang'ania ngozi kwa siku kadhaa. Papasi hujificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi na kurudi mafichoni, akiacha homa ya papasi. Watafiti wa kikoloni waliifuata homa hiyo mapema: Joseph Dutton, Mwingereza, aliichunguza Kongo, akaipata mwenyewe na kufia Kasongo Februari 1905, mwaka huohuo Robert Koch aliwachunguza papasi wa Afrika Mashariki ya Wajerumani, akawakuta bakteria waliojipinda mithili ya parafujo hadi ndani ya mayai. Miongo minne na ushei baadaye, katika Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mjini Basel, kijana aitwaye Willy Burgdorfer alipata shahada yake ya uzamivu kwa kufuatilia safari ya bakteria hao ndani ya mwili wa papasi.

Kijana huyo alihamia Montana. Mwaka 1981 alikuwa akipasua kupe waliotoka Shelter Island, New York, akitafuta vijidudu vya aina nyingine kabisa. Hakuviona. Aliona tumboni mwa kupe vitu vyembamba vilivyojipinda, akavitambua mara moja, kwa kuwa ujana wake wote aliutumia kuvitazama ndani ya papasi. Mdudu wa Lyme leo anabeba jina lake, *Borrelia burgdorferi*. Yule wa papasi anabeba la Dutton. Ni ndugu.

Kumjua mdudu, hata hivyo, hakukumpa mzazi uhakika. Kipimo cha damu cha Lyme humtafuta adui kwa nyayo zake, yaani kinga ambayo mwili umejitengenezea, na kinga hiyo huchukua majuma kuonekana. Mtoto aliyeumwa na kupe juzi anaweza kupimwa, akaonekana salama, kumbe anaugua. Aliyepona zamani anaweza kupimwa, akaonekana ana ugonjwa, kumbe anaumwa kingine. Doa lenyewe halitokei kwa kila mtu, tena hujificha kwapani au ndani ya nywele.

Ndani ya pengo hilo ndipo siasa zilipoingia. Mwaka 2006 chama cha mabingwa wa magonjwa ya kuambukiza cha Marekani kilitoa mwongozo uliokataa matibabu ya antibiotiki ya miezi mingi. Wagonjwa walighadhibika, mwanasheria mkuu wa Connecticut, Richard Blumenthal, akawachunguza waandishi wa mwongozo kwa sheria za ushindani wa kibiashara. Mwaka 2008 pande zote zilikubaliana uhakikiwe upya, na mwaka 2010 wahakiki waliuacha kama ulivyo. Nakiri kwamba naona mabingwa walikuwa sahihi: majaribio ya kitabibu hayajaonyesha kwamba dawa za miezi mingi zinawafaa wagonjwa hao. Lakini siwashangai wazazi waliokimbilia kwa mwanasheria. Mtu aliyeambiwa miaka mitano kwamba mwanawe hana kitu, halafu kitu kikaonekana, utamwambia nini mwaka wa sita akusadiki?

Kwetu hali ina ukakasi wake. Zamani damu ya mtoto mwenye homa ilipakwa kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini. Mtazamaji aliyetafuta malaria aliweza kumwona mdudu wa papasi akipita. Kipimo cha haraka kimeokoa maisha mengi, sikibezi, ila kinajibu swali moja tu.

Mpwa wangu aliponea kwenye kioo. Mzee wa maabara katika hospitali ya mbali alimwomba dada daftari, akasoma tarehe kwa kidole, akasema, "Mwanangu, mlete siku homa ikiwa juu." Alipoletwa, mzee alitazama kwa muda mrefu, kisha akamwita dada naye achungulie. Dozi ya kwanza ya antibiotiki ilimpandishia mtoto homa kwa saa chache, kama mzee alivyotahadharisha. Dada aliandika hilo pia, pamoja na saa.