Gari la petroli na umeme: Mambo ya kufahamu kabla ya kununua haibridi Nairobi

KATIKA yadi za magari zilizotanda kando ya barabara ya Ngong na mitaani Kilimani, maswali ya wanunuzi yamebadilika. Zamani mteja aliuliza ukubwa wa injini na kilomita ambazo gari limetembea. Siku hizi, akiona alama ya haibridi nyuma ya gari, huongeza swali la tatu: “Na betri je?”

Swali hilo lina uzito kuliko yale mawili ya kwanza. Magari yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja yamekuwa jambo la kawaida jijini, kuanzia teksi zinazosubiri abiria katikati ya jiji hadi magari ya familia Lavington, Kileleshwa na Karen. Sifa yake kuu ni kupunguza gharama ya mafuta. Hata hivyo, mengi huwasili nchini yakiwa yametumika kwa miaka kadhaa Japani, na kwa hivyo mnunuzi wa Kenya hurithi nusu ya pili ya maisha ya betri. Asiyelifahamu hilo huenda akaiona akiba yake ya kituo cha mafuta ikiishia gereji.

Makala haya yanaeleza asili ya magari hayo, jinsi yanavyofanya kazi, tofauti za kampuni zinazoyaunda, ushuru unaotozwa, na mambo ya kukagua kabla ya kulipa.

Chimbuko lake

Wazo la kuunganisha petroli na umeme si geni. Mnamo 1900, Ferdinand Porsche, akishirikiana na kampuni ya Lohner ya Vienna, aliunda gari ambalo petroli ilizalisha umeme, nao umeme ukazungusha magurudumu. Injini za petroli zilipoboreka, wazo hilo liliwekwa kando kwa miongo mingi.

Lilifufuka Desemba 1997, Toyota ilipoanza kuuza Prius nchini Japani. Honda ilifuata na Insight mwaka 1999. Kufikia Januari 2017, Toyota pekee ilikuwa imeuza zaidi ya magari milioni 10 ya haibridi duniani.

Hata hivyo, Nairobi iliyazoea magari haya kupitia ndugu wadogo wa Prius. Aqua ilizinduliwa Japani Desemba 2011, nazo Axio na Fielder za haibridi zikafuata Agosti 2013. Hayo ni majina ambayo mnunuzi wa Kenya aliyafahamu tangu hapo, na spea nyingi za mwili na magurudumu zilikuwa tayari zinapatikana madukani barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan.

Jinsi linavyofanya kazi

Gari la haibridi lina injini ya petroli, mota ya umeme moja au zaidi, na betri kubwa ambayo kwa kawaida hukaa chini au nyuma ya kiti cha abiria wa nyuma. Aina ya kawaida haichajiwi kwa umeme wa nyumbani. Yapo yanayochajiwa hivyo, kama vile Mitsubishi Outlander PHEV iliyotoka 2013, lakini hayo ni kundi la pekee.

Siri ya akiba imo katika breki. Gari la kawaida linapopunguza mwendo, nguvu yake hupotea kama joto kwenye breki. Katika haibridi, mota hugeuka kuwa jenereta, hupunguza mwendo wa gari na kurudisha umeme kwenye betri. Dereva akiondoa gari tena, umeme huo ndio unaolisukuma. Gari linaposimama, injini huzimika.

Kwa sababu hiyo, msongamano unaomtesa dereva wa Uhuru Highway jioni ndio mazingira yanayolifaa gari hili. Kusimama na kuondoka, ambako hulifanya gari la kawaida kunywa mafuta kupita kiasi, huipa haibridi nafasi ya kutumia umeme wake. Kinyume chake, katika barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022, ambako gari huenda kwa kasi isiyobadilika, faida hiyo hupungua. Anayesafiri kila wiki hadi Mombasa au Kisumu asitarajie akiba sawa na ya mkazi wa Kangemi anayefanya kazi katikati ya jiji.

Kampuni tatu, njia tatu

Wapenda magari hubishana sana kuhusu haibridi ipi bora, na mara nyingi hulinganisha mifumo isiyofanana.

Toyota hutumia mota mbili na seti moja ya gia zinazogawanya nguvu kati ya injini na umeme. Hakuna mkanda wala klachi za kubadilisha gia, na ni mfumo ambao Toyota imeuboresha tangu 1997 bila kuubadilisha msingi wake.

Honda imepita njia kadhaa. Insight ya 1999 na Fit ya haibridi ya 2010 zilikuwa na mota nyembamba iliyosaidia injini. Mwaka 2013, Fit mpya na Vezel zilikuja na gia saba zenye klachi mbili pamoja na betri ya lithiamu. Zilikuwa na kasi na zilibana mafuta, lakini Honda ililazimika kuyaita magari hayo mara kadhaa nchini Japani, 2013 na 2014, ili kurekebisha programu zinazoongoza gia. Kwa hivyo anayetaka Honda ya kipindi hicho anafaa kuthibitisha kwamba marekebisho hayo yalifanywa. Fit ya 2020 iliacha mfumo huo na kuchukua wa mota mbili.

Nissan ilichagua njia ya tatu ilipozindua Note e-Power Novemba 2016. Katika gari hilo, injini ya lita 1.2 haizungushi magurudumu kamwe. Kazi yake ni kuzalisha umeme tu. Mwendo wake ni kama wa gari la umeme, ingawa mafuta bado hununuliwa kituoni.

Wale waliodhani kwamba teknolojia hii ni ya magari dhaifu ya mjini walipata jibu katika Safari Rally. Kuanzia 2022 hadi 2024, magari ya daraja la juu katika mashindano ya dunia yalikuwa ya haibridi, kila moja likiwa na mota ya kilowati 100. Katika vumbi na matope ya Naivasha, Toyota ilishika nafasi nne za kwanza mwaka 2022, Kalle Rovanperä akiwa mshindi, na ikarudia hilo 2023 kupitia Sébastien Ogier. Mfumo huo uliondolewa 2025 ili kupunguza gharama na uzito.

Sheria ya miaka minane na ushuru

Kiwango cha KS 1515:2000 cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) hakiruhusu gari lililozidi umri wa miaka minane kuingizwa nchini. Mwaka 2025, kwa mfano, yaliyokubaliwa ni magari yaliyosajiliwa kwa mara ya kwanza kuanzia Januari 2018. Kwa kuwa bei hushuka kadiri gari linavyozeeka, waagizaji wengi hungoja hadi gari likaribie kikomo hicho.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Dhamana ya Toyota kwa mfumo wa haibridi nchini Japani ni miaka mitano au kilomita 100,000. Nchini Marekani, betri ilidhaminiwa kwa miaka minane, na kuanzia matoleo ya 2020 ikawa miaka 10. Gari la miaka saba linaloshushwa Mombasa kutoka Japani limekwisha kupita muda wa dhamana yake. Sheria yetu hupima umri wa gari, lakini haimwambii mnunuzi hali ya betri.

Kuhusu ushuru, haibridi haina upendeleo mkubwa. Tangu 2019, magari yanayotumia umeme pekee hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10. Haibridi, kwa kuwa ina injini ya petroli, huhesabiwa kwa ukubwa wa injini hiyo. Sheria ya Fedha ya 2019 iliweka asilimia 25 kwa injini zinazozidi sentimita 1,500 za ujazo, huku zilizo chini ya hapo zikibaki asilimia 20. Ndiyo sababu Axio, Fielder na Vezel za haibridi, zenye injini ya sentimita 1,496, hupendwa kuliko Prius au C-HR za lita 1.8.

Zaidi ya hayo, ushuru wa forodha ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023. Mamlaka ya Ushuru (KRA) hukadiria thamani ya gari kwa kuzingatia bei ya rejareja ya toleo hilo likiwa jipya. Kwa hivyo toleo la haibridi, ambalo lilikuwa ghali zaidi dukani, hulipiwa zaidi bandarini.

Hesabu ya mafuta

Hamu ya haibridi iliongezeka mafuta yalipopanda bei. Julai 2023, ushuru wa thamani ya ziada (VAT) kwa petroli uliongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Katikati ya Oktoba mwaka huo, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) ilitangaza bei ya Sh217.36 kwa lita jijini Nairobi.

Je, akiba ni kiasi gani? Tuchukue mfano wa dereva anayesafiri kilomita 1,000 kwa mwezi. Gari la kawaida linalokwenda kilomita 12 kwa lita litatumia lita 83. Haibridi inayokwenda kilomita 20 kwa lita itatumia 50. Petroli ikiwa Sh180 kwa lita, tofauti ni takriban Sh6,000 kwa mwezi, au Sh72,000 kwa mwaka. Ikiwa haibridi iliuzwa kwa Sh300,000 zaidi, mwenye gari atahitaji zaidi ya miaka minne kurudisha pesa hizo.

Dereva wa teksi anayesafiri kilomita 4,000 kwa mwezi atarudisha kiasi hicho kwa takriban mwaka mmoja. Lakini yeye ndiye pia anayeichosha betri haraka, na mara nyingi gari lake ni la mkopo. Betri ikifa kabla ya mkopo kumalizika, atakuwa analipia gari lisilomletea kipato. Kila mmoja afanye hesabu hii kwa safari zake mwenyewe, na aweke humo bei ya betri.

Betri na maadui wake

Betri ya Aqua au Axio ina vipande 20 vilivyounganishwa kwa mfululizo, jumla ya volti 144. Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina vipande 28, volti 201.6. Kipande kimoja kikidhoofika, betri nzima hudhoofika.

Baadhi ya mafundi hubadilisha kipande kibovu peke yake. Njia hiyo ni nafuu, lakini ni sawa na kumfunga punda mchanga pamoja na wazee katika mkokoteni mmoja. Gari litaondoka, ila baada ya miezi kadhaa kipande kingine huweza kufa. Rahisi ni ghali.

Adui mkubwa wa betri ni joto. Hali ya hewa ya Nairobi, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni afueni ikilinganishwa na Mombasa. Lakini jiji hili lina vumbi. Betri nyingi hupozwa kwa feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Chujio likijaa vumbi, au abiria akiliziba tundu kwa mizigo, betri huungua polepole bila dereva kujua. Kusafisha chujio hilo ni kazi ya dakika chache, nayo husahaulika mara kwa mara.

Mambo ya kukagua

Kabla ya kununua, mteja anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

Kwanza, adai karatasi ya mnada kutoka Japani na kulinganisha kilomita zilizoandikwa humo na zile zinazoonyeshwa na gari.

Pili, alione gari likiwashwa asubuhi, likiwa baridi. Gari lililopashwa moto kabla ya mteja kufika huficha mengi.

Tatu, aje na fundi wake mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Volti za sehemu zote za betri zinapaswa kukaribiana gari likiwa mwendoni. Kukosekana kwa taa ya onyo hakutoshi, kwani taa inaweza kufutwa kwa muda.

Nne, akague chujio la feni na maji ya kupozea kifaa kinachogeuza umeme wa betri.

Tano, aulize bei ya betri nzima na urefu wa dhamana yake kabla ya kukubaliana bei ya gari.

Baada ya kununua, gari lisiachwe miezi mingi bila kuendeshwa, kwani betri hujimaliza yenyewe. Nyaya za rangi ya machungwa zisiguswe na fundi asiyefunzwa. Umeme wake unaweza kuua. Nayo betri iliyokufa isitupwe jaani. Ina nikeli na madini mengine yenye thamani na sumu, na Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya 2022 inawabebesha waagizaji na watengenezaji wajibu kuhusu taka za bidhaa zao.

Haibridi ni gari linalofaa Nairobi, pengine kuliko miji mingi. Lakini anayelinunua yadini hununua vitu viwili kwa bei moja: gari, na miaka iliyosalia katika betri. Muuzaji hulionyesha la kwanza. La pili ni jukumu la mnunuzi kulitafuta.