Magari Makuukuu ya Doha na Safari ya Bei Zao

Siku ya mwisho ya mwaka 1949, meli ya kwanza ya mafuta ghafi ya Qatar ilipong'oa nanga Umm Said, kusini mwa Doha, mji huo ulikuwa bado ni mji wa wavuvi na wapiga mbizi waliofilisika, kwa maana lulu, ambayo ndiyo iliyokuwa riziki ya Ghuba, ilikwisha kuporomoka bei tangu Mikimoto wa Japani alipofaulu kuikuza ndani ya chaza kwa mkono wa binadamu, na tangu mdororo wa mwaka 1929 ulipofunga mifuko ya matajiri wa Bombay, Paris na New York. Magari yalikuwa machache, na aghalabu yalihusiana na kampuni ya Petroleum Development (Qatar), ambayo iligundua mafuta huko Dukhan baina ya mwisho wa 1939 na mwanzo wa 1940, ikalazimika kuviziba visima vyake mwaka 1942 kwa ajili ya vita, kisha ikarejea amani ilipopatikana, na malori yake yakachora njia katika nchi ambayo mpaka wakati huo ilikuwa ikivukwa kwa ngamia.

Zama hizo gari kuukuu lilikuwa na bei ya mwenyewe. Namaanisha kwamba mnunuzi aliyeletewa gari na dalali hakuanza kwa kuuliza limetembea maili ngapi, bali aliuliza lilikuwa la nani, nani alikuwa dereva wake, na mwenyewe ni mtu wa kauli gani. Na akiisha kujua hayo, habari ya injini ilikuwa nyepesi. Fedha yenyewe ilibadilika jina mara kadhaa katika muda mfupi: rupia ya Ghuba iliyotolewa 1959, riyali ya Qatar na Dubai ya 1966, kisha riyali ya Qatar peke yake mwaka 1973. Na mwaka huohuo wa 1973 ndio uliogeuza kila kitu, kwa kuwa bei ya mafuta ilipanda takriban mara nne katika muda wa miezi michache, na taifa ambalo lilikuwa limepata uhuru wake tarehe 3 Septemba 1971 likajikuta lina watu wachache na mali nyingi kupita kiasi.

Mali hiyo iliyaingiza Doha magari mapya kwa wingi: Chevrolet Caprice zenye pua ndefu, Land Cruiser za mfululizo wa 40, Nissan Patrol, Mercedes za rangi ya maziwa. Maadamu upya ulikuwa ndio heshima, ukuukuu ukawa ni aibu ya kusitiriwa, na gari la jana, badala ya kuuzwa, likapelekwa izba, yaani shamba la familia lililoko jangwani, likawa la kuchukulia maji na majani ya mifugo mpaka siku lilipokataa kuwaka, likaachwa lilipo. Asili ya hazina inayotafutwa leo kwa pupa ni hiyo, wala hapakuwa na mtu aliyekusudia kuihifadhi.

Gazeti la Gulf Times lilianza kutoka mwaka 1978, na The Peninsula likafuata mwaka 1996, na kurasa za matangazo madogo zikaleta tabaka jipya la wauzaji, nao ni wageni waliomaliza mikataba yao na kutaka kuondoka. Tangazo la namna hiyo ni fupi kwa dharura: aina ya gari, mwaka, hali nzuri, mwenyewe anasafiri, namba ya simu. Picha haipo. Miaka minane kabla ya gazeti hilo la kwanza, mwanauchumi wa Kimarekani George Akerlof alikuwa ameandika juu ya soko la magari yaliyotumika, akionyesha kuwa pale ambapo muuzaji anazijua kasoro za gari na mnunuzi hazijui, mnunuzi hutoa kima cha katikati tu, na mwenye gari zuri, akiona kwamba kima hicho kinamdhulumu, hulitoa gari lake sokoni, likabaki soko la magari mabaya. Alikuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001 kwa hoja ambayo dalali yeyote wa Doha, au wa Kariakoo, angaliweza kumweleza kwa kikombe cha kahawa, minghairi ya hisabati zake.

Tovuti ya Qatar Living ilifunguliwa mwaka 2005, zikaja na nyingine, miongoni mwazo Mzad Qatar na Qatar Sale, na hapo picha ikashika mahali pa kauli ya dalali. Lakini namna ya kutaja bei ilibaki na adabu za zamani. Muuzaji Mwarabu wa Doha mara nyingi haandiki bei moja iliyokatwa. Huandika kima kilichokwisha kufikiwa na watu waliomtangulia mnunuzi, wakiitacho soum, na pengine huongeza kima ambacho yeye hashuki chini yake. Na akitaka kuvificha vyote viwili, huwaalika watu watoe neno lao. Mzungu aliyezoea bei ya kubandikwa huona katika desturi hii hadaa, kwa kuwa hakuna awezaye kuthibitisha kwamba huyo mtoa kima wa jana alikuwa mtu au jini. Mimi naiona kuwa ni ya haki kuliko inavyodhaniwa, hususan kwa gari lililotelekezwa, ambalo halina mfano wa karibu wa kulipimia: kuitaja bei moja ya Caprice ya mwaka 1979 isiyo na viti wala kioo cha nyuma ni kujifanya mjuzi wa lisilojulikana, ilhali soum, hata ikitiwa chumvi, huungama kwamba thamani bado inatafutwa.

Katika miaka hiyohiyo ulimwengu ulijifunza kulinunua vumbi. Mwezi Februari 2009, mjini Paris, kampuni ya Bonhams ilipiga mnada Bugatti ya mwaka 1937 iliyokuwa imefungiwa katika banda la daktari mmoja wa Newcastle kwa karibu nusu karne, ikanunuliwa kwa euro milioni 3.4. Kisha, Februari 2015, mjini humohumo, kampuni ya Artcurial ikaleta magari 59 ya Roger Baillon, mwenye biashara ya malori aliyekuwa na nia ya kuanzisha makumbusho kabla hajafilisika miaka ya 1970, magari ambayo yalikuwa yamekaa katika mabanda ya magharibi ya Ufaransa, mengine yakiwa yameliwa na kutu hadi kupoteza umbo. Hayakuoshwa. Yaliwekwa katika ukumbi wenye nuru hafifu, na vumbi lake juu yake, na Ferrari ya mwaka 1961 iliyokutwa imefunikwa na marundo ya magazeti makuukuu ikafikia euro milioni 16.3. Tangu siku hiyo kila mwenye mkweche duniani huamini kwamba uchafu wake una thamani.

Imani hiyo imefika Doha, na ndipo mtu huona tangazo la Patrol iliyosimama nyuma ya ukuta, vumbi limetanda mpaka namba haisomeki, na bei imepandishwa kwa hoja kwamba gari halijaguswa. Hoja hii ni dhaifu. Vumbi la banda la Ufaransa lilikuwa shahada ya miaka, kwa kuwa lilitua polepole ndani ya nyumba iliyofungwa. Vumbi la Doha ni la siku tatu, huletwa na upepo wa shamali usiku mmoja likafunika gari la mwaka huu sawasawa na la mwaka 1975. Lioshwe, basi, gari hilo, ili kilichoko chini ya vumbi kionekane, maana uharibifu wenyewe uko huko.

Na uharibifu wa Ghuba una jiografia yake. Jua la kiangazi, joto likipanda kupita digrii 40, hupasua dashibodi, hukausha mipira ya madirisha na kuunguza rangi ya juu ya boneti, na haya yote huonekana kwa macho na hurekebishika kwa fedha. Adui mkubwa ni chumvi. Mwezi Agosti na Septemba unyevu wa bahari huingia mjini usiku, na ile ardhi ya chumvi iitwayo sabkha, iliyoenea kandokando ya pwani na upande wa Dukhan, hula fremu kutoka chini wakati bodi ya juu ingali inang'aa. Kwa hiyo gari lililolala Al Shahaniya, bara, penye ukavu, na gari lililolala Al Wakrah au Al Khor, penye upepo wa bahari, ni bidhaa mbili tofauti hata kama yametoka kiwandani siku moja; na tangazo lisilotaja mahali gari liliposimama limeficha habari iliyo kubwa kuliko mileji.

Picha nazo zina hukumu yake. Jua la adhuhuri la Doha hufuta kila kovu, kwa hiyo wajuzi hupiga alfajiri au magharibi, kisha huinama: sakafu iliyo chini ya zulia, kingo za chini za milango, fremu, mahali betri inapokaa, na kibati cha namba ya chasisi, kwa kuwa magari yaliyotangulia mwaka 1981 hayana zile tarakimu na herufi 17 ambazo leo humwezesha mtu kufuatilia nasaba ya gari kwa simu tu. Ikiwa injini haiwaki, iandikwe kama inazunguka kwa mkono au imeganda, kwani baina ya hali hizo mbili ndipo palipo tofauti ya gari na chuma chakavu. Mwenye kutafuta bei huanza na kima cha gari kama hilo lililotengenezwa likakamilika, akatoa gharama ya mafundi wa Industrial Area, mtaa wa karakana wa Doha, akatoa spea, kisha akatoa tena fungu la yasiyojulikana. Hesabu ya spea ilibadilika mwaka 2021, Toyota ilipotangaza kuanza kufyatua upya vipuri vya Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizoundwa tangu 1960 mpaka 1984, na hivyo hata mzoga uliokosa viungo ukapata tumaini, na mwenyewe akapata sababu ya kupandisha soum.

Fauka ya hayo kuna karatasi. Gari lililoachwa barabarani hubandikwa onyo, na lisipoondolewa hubebwa na manispaa hadi uwanja wa Mashaf, ambako mwenyewe hulikomboa kwa malipo au likauzwa mnadani. Lililomo ndani ya ukuta limesalimika na manispaa, lakini halikusalimika na istimara, yaani kadi ya usajili, iliyokwisha muda, malimbikizo yake, na ukaguzi wa Fahes, kampuni inayopima magari. Wizara ya Mambo ya Ndani imewahi kuwapa muhula wa siku 30 wenye magari ambayo usajili wake ulipita muda wa sheria ili waurekebishe. Hali kadhalika namba: Qatar huuza kwa mnada namba za pekee za magari, na nyingine zimefika mamilioni ya riyali, hata pengine anayelikodolea macho gari lililooza hutaka kibati kilicho mbele yake tu.

Heshima ya ukuukuu ilirudi kwa mlango wa makumbusho. Sheikh Faisal bin Qassim Al Thani alifungua makumbusho yake karibu na Al Shahaniya mwaka 1998, magari ya kale yakiwa miongoni mwa vilivyomo, na mwaka 2022 taasisi ya Makumbusho ya Qatar ikatangaza mradi wa Qatar Auto Museum, uliokabidhiwa msanifu majengo Rem Koolhaas na wenzake wa OMA. Athari yake kwa muuzaji mdogo si njema kabisa, kwa sababu humfanya alinganishe gari lake lenye viota vya ndege na lile lililo juu ya jukwaa na taa.

Waswahili waishio Doha, walinzi na madereva na makarani, huyatazama matangazo haya kwa jicho la watu waliolelewa na habari za Safari Rally, ambao wengi wao watakumbuka kwamba Joginder Singh, pamoja na nduguye Jaswant, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kukimbizwa Safari ya mwaka uliotangulia. Lakini kulitamani gari na kulipeleka nyumbani ni mambo mawili. Kenya haikubali kuingiza gari lililopita miaka minane, wala haisajili, ila kwa ruhusa maalumu, gari la usukani wa kushoto, na Land Cruiser ya Doha imekosea kotekote. Njia iliyo wazi ya kuliuza gari nje ya Qatar ni ya nchi kavu, kupitia mpaka wa Abu Samra, ule uliofungwa na Saudia mwezi Juni 2017 na kufunguliwa tena Januari 2021; mnunuzi wa Riyadh au Kuwait aliyelipenda gari mtandaoni aweza kutuma lori la kulibeba, na kwa kuwa hutuma pesa kabla hajaligusa, yeye ndiye anayedai picha ya fremu kuliko wote.