Tuwaulize Mashahidi: Kuisoma Historia ya Kanisa la Mwanzo



Katika jumuiya zetu ndogondogo hapa Karatu, na kwa ndugu zetu walio ng'ambo ya lango la Lodoare, katika vijiji vya Ngorongoro, maswali yaleyale hurudi kila likizo. Vijana wanatoka shuleni na vyuoni wakiwa na maneno waliyoyasoma katika vijitabu au kuyapokea kwenye simu: kwamba Kanisa Katoliki lilianzishwa na Kaisari Konstantino; kwamba ndiye aliyeigeuza siku ya ibada kuwa Jumapili; na kwamba vitabu vya Biblia vilichaguliwa katika Mtaguso wa Nisea. Wazazi wengine hunyamaza, wengine hukasirika. Kijana asiyejibiwa nyumbani hutafuta jibu kwingine, na pengine ataliacha Kanisa kwa sababu ya jambo ambalo halikutokea kamwe. Ndiyo maana juma hili tunapenda kutafakari namna ya kuisoma historia ya Kanisa la mwanzo kwa uaminifu.

Sisi tunaishi jirani na shule kubwa ya elimu hii. Tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliliona katika korongo la Oldupai fuvu la kale lililopewa jina la Zinjanthropus. Wataalamu waliweza kuukadiria umri wake, takriban miaka milioni 1.75, kwa sababu lilikutwa katika tabaka lake la udongo, pamoja na majivu ya volkano yanayoweza kupimwa. Mfupa uleule ukiuzwa sokoni, bila mtu kujua ulitoka tabaka gani, ungebaki karibu bubu. Ndivyo ilivyo kwa sentensi iliyokatwa kutoka katika kitabu chake na mwaka wake.

Hata jina la korongo hilo lina funzo. Wamaasai huita oldupai ule mkonge wa porini unaoota pale. Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alipofika mwaka 1911, jina hilo lilisikiwa vibaya, likaandikwa Olduvai. Kosa la sikio likanakiliwa katika vitabu vya dunia nzima, ilhali wenyeji walikuwapo, na wangeulizwa wangelisahihisha. Basi, wingi wa vitabu vinavyorudia jambo si ushahidi. Huenda vyote vimeteka maji katika kisima kimoja. Yatupasa kuwauliza waliokuwapo, au walioishi karibu na tukio.

Tuanze na shahidi ambaye hakuwa rafiki yetu. Yapata mwaka 112, Plinio, liwali wa Kirumi katika Bithinia, nchi iliyo leo sehemu ya Uturuki, alimwandikia Kaisari Trajano kuhusu Wakristo aliokuwa akiwahukumu kifo. Anaeleza kwamba walikuwa na desturi ya kukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, kumwimbia Kristo kama Mungu, na kuapa kutoiba, kutozini na kutovunja ahadi. Mtu huyu hakuwa na faida yoyote ya kutusifu. Ndiyo maana neno lake lina uzito.

Yapata mwaka 155, Mtakatifu Yustino aliandika mjini Roma utetezi wa imani yetu. Anasimulia kwamba siku ya jua, yaani Jumapili, waamini hukusanyika, husomewa maandiko, kiongozi huwahubiria, kisha mkate na divai iliyochanganywa na maji hutolewa kwa shukrani. Mashemasi huwapelekea wasiohudhuria, na sadaka hutunzwa kwa ajili ya yatima, wajane, wagonjwa na wafungwa. Msomaji ataona Misa yake ya Jumapili hii. Konstantino alitoa sheria ya mapumziko ya Jumapili mwaka 321, zaidi ya miaka 160 baadaye. Yeye aliwapa watu nafasi ya kupumzika, ibada aliikuta.

Shahidi wa tatu ni wa Afrika yetu. Tarehe 17 Julai 180, Wakristo kumi na wawili wa Scillium, wanaume saba na wanawake watano, walihukumiwa mjini Karthago, katika Tunisia ya leo. Kumbukumbu ya kesi yao ni fupi, haina madoido wala miujiza. Liwali akawapa siku 30 za kufikiri, wakazikataa. Akauliza kuna nini ndani ya sanduku lao. Sperato akajibu kwamba ni vitabu na nyaraka za Paulo. Hivyo, miaka 145 kabla ya Nisea, Waafrika wale walikuwa tayari na nyaraka za Paulo mikononi, wakafa nazo. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 ulishughulikia mafundisho ya Ario, tarehe ya Pasaka na kanuni 20 za nidhamu. Haukutoa orodha ya vitabu vya Biblia. Orodha kamili ya vitabu 27 vya Agano Jipya tunaikuta katika barua ya Mtakatifu Athanasi ya mwaka 367.

Lakini, wapendwa, mizani ya haki hupima pande zote mbili. Eusebi, Askofu wa Kaisarea, ametuhifadhia maandiko mengi ambayo bila yeye yangepotea; hata hivyo alimpenda Konstantino na kumsifu kupita kiasi, nasi tunamsoma tukilijua hilo. Tena kwa karne nyingi ilitumika hati iliyodai kwamba Konstantino alimkabidhi Papa Silvesta mamlaka juu ya Roma na nchi za magharibi. Hati hiyo ilikuwa ya kughushi, iliyotungwa yapata karne ya 8. Waliofichua uongo huo katika karne ya 15 walikuwa wana wa Kanisa: Nikolao wa Kues, aliyekuja kuwa Kardinali, na Lorenzo Valla, mwaka 1440, aliyeonyesha kwamba Kilatini chake si cha zama za Konstantino. Na mwaka 1881 Papa Leo XIII aliwafungulia watafiti hifadhi ya nyaraka za Vatikano. Imani ya kweli haihitaji kuegemezwa na uongo, hata ule unaotupendeza.

Hakuna shahidi asiye na upande. Msomaji mwadilifu huwalinganisha mashahidi: adui na rafiki, hati ya mahakama na barua ya askofu. Katika jumuiya zenu, mkisikia dai lolote, ulizeni maswali manne: nani amesema, lini, alikuwa karibu kiasi gani na tukio, na alikuwa na faida gani katika kusema hivyo. Ulizeni hivyo pia tunaposema sisi mapadre na makatekista wenu. Wala tusiifanye historia kuwa fimbo ya kuwapigia jirani zetu wa madhehebu mengine, ambao wengi wao ni ndugu zetu wa damu. Wafiadini wa Scillium ni urithi wao pia.

Tuwaombee vijana wetu, wapende ukweli kuliko ushindi. Mungu awabariki nyote.