Amani Hutolewa Lini?

Katika Misa ya utaratibu wa Kongo, ule ulioidhinishwa na Roma mwaka 1988, waumini hupeana amani mapema. Mahubiri yamekwisha, Kanuni ya Imani imesaliwa, toba imefanywa. Ndipo hushikana mikono, na matoleo hufuata baadaye. Mkatoliki wa Dar es Salaam au Nairobi hungoja mpaka Baba Yetu iishe, komunyo ikiwa inakaribia. Tendo ni lile lile, ila likihamishwa huhama na maana yake, na watu wamelivutania tangu zamani.

Paulo aliwahimiza Warumi, Wakorintho na Wathesalonike wasalimiane kwa busu takatifu, asiseme ni wakati gani wa ibada. Yustino, aliyeandika Roma katikati ya karne ya 2, anatuonyesha mahali pake: Wakristo humaliza maombi, hubusiana, kisha mkate na kikombe huletwa. Miaka kama hamsini baadaye Tertuliano wa Karthago aliliita busu hilo muhuri wa sala, akawakemea waliolikwepa kwa kisingizio kwamba wamefunga. Wakatekumeni hawakuhusika, kwa kuwa busu lao lilihesabiwa kuwa halijawa takatifu. Hata waliobatizwa hawakuachwa hivi hivi: Klementi wa Aleksandria alichoshwa na watu waliolijaza kanisa milio ya mabusu huku mioyo yao haina upendo.

Mashariki walilibakiza kabla ya matoleo. Huko Yerusalemu, katika karne ya 4, wabatizwa wapya walifundishwa kwamba busu hili si lile la marafiki wanaokutana sokoni. Ni agizo la Yesu la kuiacha sadaka mbele ya altare ukapatane kwanza na ndugu yako. Roma ilishika njia nyingine. Mwaka 416 Papa Inosenti I alimwandikia Askofu Decentius wa Gubbio kwamba amani itolewe mafumbo yakishakamilika, kwa maana kwa tendo hilo watu huyaridhia yote yaliyofanyika. Kule ni upatanisho, huku ni muhuri. Binafsi naona hoja ya Mashariki ina uzito zaidi, maana ugomvi husuluhishwa kabla ya kukaa mezani.

Kufikia karne ya 13, Magharibi busu la mtu kwa mtu lilikuwa likiachia nafasi kibao cha amani, ambacho padre alikibusu, kisha kikapitishwa kwa waumini mmoja mmoja. Kikageuka kipimo cha cheo, kila mkubwa akitaka kutangulia. Katika kijiji cha Theydon Garnon, Essex, bwana mmoja aitwaye John Browne alimwonya mtumishi wa kanisa, Richard Pond, kwamba asipopewa yeye kwanza atamvunjia kibao hicho kichwani. Siku chache baadaye, Sikukuu ya Watakatifu Wote mwaka 1522, Pond alikipeleka kwanza kwa mfadhili wa parokia na mkewe. Browne alingoja zamu yake, akakibusu vizuri, kisha akampasua nacho Pond kichwa hadi damu ikamwagika chini.

Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha mwaka 1552 kiliondoa hata maneno ya salamu hiyo. Karne nne baadaye Kanisa la India Kusini, lililoundwa mwaka 1947, liliirudisha kwa kushikana mikono, likaiweka kabla ya matoleo, na Waanglikana wengi leo wanafuata hivyo. Wakatoliki waliirudishia umati mzima katika Misa ya mwaka 1969, pale pale alipoiweka Inosenti.

Maaskofu walipouliza kama isingefaa kuihamisha, Vatikani ilijibu mwaka 2014: ibaki ilipo, lakini padre asitoke altareni kusalimia watu, waumini wasizunguke kanisani, na pasiwepo wimbo wa amani. Agizo hilo la mwisho, kwa kwaya zetu, halijapata wasikivu wengi.